4 kati ya 426: wanawake wa Kigali na dawa iliyozuiliwa kwa ajili yao

Muhula wangu wa kwanza wa uzamili, mwalimu wetu wa takwimu za afya aliingia darasani akaandika ubaoni kitu kimoja tu: 4/426. Kisha akatugeukia. "Leo ninyi ndio wizara ya afya. Kuna dawa mpya ya VVU, inaishinda ya zamani karibu kwa kila kipimo. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia wakati mimba inatunga, wanne wamejifungua mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva. Kwa idadi hiyo hata mmoja hatukumtarajia. Haya, mnafanyaje?"

Tukajadiliana robo saa, tukaja na jibu tuliloliona la busara kabisa: wanaume waanze dawa mpya, wanawake wa umri wa kuzaa wabaki na ya zamani mpaka data zitimie. Mwalimu hakusema tumekosea. Aliuliza tu, "Na hao wanawake, mmewauliza?" Darasa zima kimya. Na nusu yetu tulikuwa wanawake, mimi nikiwemo.

Baadaye ndipo nikajua kwamba zoezi lile halikuwa la kubuni. Ni jambo lililotokea Mei 2018, na miezi miwili tu baadaye wanawake 39 wanaoishi na VVU, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali wakalijibu. Jibu lao halikufanana na letu. Ili uone walilitoa wapi, inabidi turudi nyuma kama miaka ishirini, kwa sababu hii haikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Afrika kusimamishwa mlangoni na dawa ikiwa upande wa pili.

Kidonge kimoja cha Mulago

Mwaka 1999 watafiti wa Uganda na Marekani waliokuwa wakifanya kazi Mulago, Kampala, walitoa matokeo yaliyobadilisha mambo. Mama mwenye VVU akimeza kidonge kimoja cha nevirapini uchungu unapoanza, na mtoto akapewa dozi moja ya maji ndani ya siku tatu za kwanza, maambukizi kwa mtoto yanapungua karibu kwa nusu. Kwa watoto waliopewa dawa ya kulinganisha, AZT ya muda mfupi, asilimia 25.1 walikuwa wameambukizwa walipofika wiki 14 hadi 16. Kwa upande wa nevirapini ilikuwa asilimia 13.1. Kidonge kimoja, bei ya chini, hata zahanati isiyo na daktari inaweza kukitoa.

Sitaki mtu aidharau kazi ile. Maelfu kwa maelfu ya watoto wapo leo kwa sababu yake, na Afrika Kusini wanaharakati walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Katiba, mwaka 2002, ili serikali ikubali kuigawa dawa hiyo katika hospitali za umma.

Lakini kigeuze kidonge kile uangalie upande wa mama. Anameza, anajifungua, anarudi nyumbani na virusi vyake. Dawa za kumtibu yeye mwenyewe wakati huo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka katika nchi tajiri, na kwetu hazikuwepo. Mwaka 2001 Allan Rosenfield na Emily Figdor, wataalamu wa afya ya jamii wa Marekani, waliuliza swali ambalo hadi leo linanichoma: katika mipango hii ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, mama mwenyewe yuko wapi?

Na kuna jambo la kibiolojia hapa ambalo tutalihitaji mbele, kwa hiyo vumilia kidogo. Nevirapini haitoki mwilini haraka. Inabaki kwenye damu siku nyingi, kila siku ikizidi kuwa hafifu. Dawa hafifu, peke yake, ni shule nzuri sana kwa virusi. Vile vichache vyenye mabadiliko yanayovikinga vinabaki vinazaana. Akina mama wa Mulago walipopimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua, karibu robo yao walikuwa na virusi sugu kwa nevirapini. Na usugu ule ule unaharibu pia nguvu ya ndugu yake nevirapini, yaani efavirenzi. Shika hilo.

Tumbili watatu

Efavirenzi ilikuja sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Kidonge kimoja kwa siku, jioni. Wengi waliowahi kuitumia watakuambia habari za ndoto za ajabu na kizunguzungu, lakini ilikuwa dawa yenye nguvu, na kwa watu wengi ilikuwa nafuu kuliko nevirapini, ambayo iliweza kuunguza ini na kuleta vipele vibaya. Hatari hiyo ya ini ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake wenye CD4 zaidi ya 250, na Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2005.

Sasa tatizo: kabla ya kuuzwa, efavirenzi ilijaribiwa kwa tumbili wenye mimba. Kati ya watoto 20 wa tumbili hao, 3 walikuwa na kasoro kubwa, mmoja akiwa hana sehemu ya ubongo. Baadaye zikaja ripoti chache za binadamu. Zilitosha. Kwa miaka kadhaa miongozo mingi ilisema mwanamke anayeweza kupata mimba aepushwe na efavirenzi. Matokeo yake, wanawake walipewa nevirapini, ile inayowadhuru ini wao zaidi, ili kumlinda mtoto ambaye wengi wao hawakuwa na mpango wa kumzaa mwaka huo.

Watafiti walipokusanya kumbukumbu za wanawake waliopata mimba wakiwa kwenye efavirenzi kwa bahati mbaya, hawakuona ongezeko la kasoro. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaifanya efavirenzi kuwa dawa ya kwanza kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwemo. Yaani zaidi ya miaka kumi baadaye. Unaweza kusema ilikuwa tahadhari. Mimi nasema ni tahadhari iliyokuwa na gharama, isipokuwa gharama hiyo haikuandikwa kwenye daftari lolote, kwa sababu aliyeilipa ni mwanamke mwenye ini lililoungua, na hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Chanzo cha tabia hii ni kirefu kuliko VVU. Baada ya janga la talidomidi, dawa ya kichefuchefu iliyozaa watoto wasio na mikono na miguu kamili kati ya 1957 na 1961, wakubwa wa dawa duniani walikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza wanawake wanaoweza kupata mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Agizo lile likaondolewa 1993, lakini mazoea yakabaki: anayepata mimba katikati ya jaribio anatolewa. Kwa hiyo dawa inafika sokoni bila mtu kujua inafanya nini kwenye mimba, halafu kutokujua kule kunatumika kama sababu ya kuwanyima wanawake dawa. Mduara kamili.

Fundi anayeshikwa mkono

Turudi kwenye dawa ya ubaoni. Dolutegraviri iliidhinishwa Marekani Agosti 2013. Kirusi cha VVU kikishaingia kwenye seli hugeuza jeni zake kuwa DNA, halafu kimeng'enya chake kimoja, integrasi, kinaishonea DNA hiyo ndani ya DNA yetu. Hapo ndipo ugonjwa unakuwa wa kudumu. Dolutegraviri inamshika fundi huyo mkono kabla hajashona. Inashusha virusi haraka, haileti sana zile ndoto, na virusi vinapata shida sana kujijengea usugu dhidi yake.

Kwa Afrika usugu ndio uliokuwa mada. WHO ilipochunguza nchi 11 na kutoa ripoti mwaka 2017, katika 6 kati ya hizo zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliokuwa wakianza dawa tayari walikuwa na virusi sugu kwa kundi la efavirenzi na nevirapini. Na nani alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa na usugu huo? Yule aliyewahi kumeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza. Mwanamke.

Botswana ilianza kuitumia dolutegraviri nchi nzima mwaka 2016. Septemba 2017 yakatangazwa makubaliano ya bei: kidonge kimoja chenye dawa tatu, ambacho leo kila kliniki inakiita TLD, kwa takribani dola 75 kwa mtu kwa mwaka, kwa nchi zaidi ya 90 za kipato cha chini na cha kati. Kenya, Uganda na nyingine zilikuwa zimeshaanza kuionja. Kila kitu kilikuwa tayari.

Wakunga wa Botswana

Tangu Agosti 2014, Botswana palikuwa na utafiti uitwao Tsepamo, ukiongozwa na Rebecca Zash, Roger Shapiro na wenzao wa taasisi ya ushirikiano wa Botswana na Harvard. Wakunga katika hospitali 8 kubwa walimkagua kila mtoto anayezaliwa, wakaandika walichokiona, na palipokuwa na kasoro wakapiga picha kwa ridhaa ya mama. Lengo la mwanzo, kwa taarifa yako, lilikuwa kumaliza ule ubishi wa efavirenzi. Wakautega mtego kwa ajili ya dawa moja, ukanasa nyingine.

Mrija wa neva ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Unajifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga. Usipojifunga chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Usipojifunga juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Foliki asidi inasaidia kuzuia, lakini lazima iwe mwilini kabla, na Botswana haikuwa na utaratibu wa lazima wa kuiongeza kwenye unga. Siku 28 maana yake ni kwamba wanawake wengi, kazi inapoisha, hawajajua kama wana mimba. Hedhi imechelewa wiki mbili, basi.

Mei 2018 hesabu zikakaa hivi. Waliokuwa kwenye dolutegraviri mimba ilipotunga: 4 kati ya 426, asilimia 0.94. Kwenye efavirenzi: 3 kati ya 5,787, asilimia 0.05. Wanawake wasio na VVU: 61 kati ya 66,057, asilimia 0.09. Walioanza dolutegraviri wakiwa tayari wajawazito: hakuna hata mmoja. Kasoro nne zenyewe zilikuwa za aina nne tofauti.

Tarehe 18 Mei WHO na mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zikatoa tahadhari. Walifanya sawa, na watafiti walifanya sawa zaidi. Ukiona kitu kama hicho ukakaa kimya, wewe si mwanasayansi. Kilichonisumbua mimi ni kilichofuata.

Ukisoma zile siku 28 kwa makini unaona zinakopeleka mambo. Kwa kuwa hatari inapita kabla mwanamke hajajua ana mimba, serikali haiwezi kusema "tutawaepusha wajawazito". Inabidi iseme "tutawaepusha wanaoweza kuwa wajawazito", na hao ni kila mwanamke wa miaka 15 hadi 49. Mtawa, mjane, msichana wa sekondari, mama wa watoto sita aliyefunga kizazi: wote wanahesabiwa kama tumbo linalosubiri. Nchi kadhaa zilisimamisha au kubana utoaji wa dawa hiyo kwa wanawake. Kenya ilielekeza wanawake wa umri wa kuzaa wasiotumia njia madhubuti ya uzazi wa mpango wawe kwenye efavirenzi.

Hapa kuna kejeli ambayo sijawahi kuona ikiandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Efavirenzi inalifanya ini lichome haraka homoni za vijiti vya uzazi wa mpango, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2015, wenye wanawake zaidi ya 24,000, ulionyesha kwamba wenye vijiti waliokuwa kwenye efavirenzi walipata mimba karibu mara tatu ya wenye vijiti waliokuwa kwenye nevirapini. Dolutegraviri haina ugomvi huo na vijiti. Kwa hiyo mwanamke asiyetaka mimba aliambiwa abaki kwenye dawa inayodhoofisha kinga yake ya mimba, ili alindwe dhidi ya dawa isiyoidhoofisha, kwa sababu huenda akapata mimba.

Siku mbili za Julai

Tarehe 13 na 14 Julai 2018 mtandao wa wanaharakati wa matibabu wa Afrika, AFROCAB, ukawakutanisha wale wanawake 39 Kigali. Wote wanaishi na VVU. Ukitaka kuona uzito wa chumba kile, jaribu kuhesabu historia iliyokuwa imekaa kwenye viti: mwanamke wa Kiafrika aliyeishi na virusi tangu miaka ya 2000 mwanzoni aliziona zama zote tatu, ya kidonge kimoja, ya efavirenzi iliyokatazwa na kisha kuruhusiwa, na sasa hii.

Walichotoka nacho ni tamko, na ukilisoma leo unashangaa jinsi lilivyo la kisayansi. Hawakusema tahadhari ya Botswana ni uongo, wala hawakuwashambulia watafiti. Walitaka data zaidi, na upesi. Walichokataa ni marufuku ya jumla. Kuwafungia wanawake wote mlango wa dawa bora kwa msingi wa ishara hii, walisema, hakuna sababu ya kutosha. Mwanamke aelezwe hatari kama ilivyo, aelezwe faida kama zilivyo, huduma za uzazi wa mpango ziwepo palepale anapochukua dawa, halafu aamue yeye. Na meza zinapowekwa za kuandika miongozo, wanawake wanaoishi na VVU wawe wamekaa, sio waletewe nakala baadaye.

Hilo la "huduma palepale" usilipite haraka. Ni rahisi kuandika kwenye waraka "awe na njia madhubuti ya uzazi wa mpango". Mwanamke anayekaa kilomita 20 kutoka kituo cha afya anajua kwamba dawa za VVU zinatolewa Jumanne, uzazi wa mpango Alhamisi, na sindano zimeisha tangu mwezi uliopita. Na mume nyumbani hajui lolote kati ya hayo mawili. Masharti yanayoonekana mepesi ofisini Geneva au mjini Nairobi yanafika kwake yakiwa ukuta.

Siku kumi baadaye dunia ya Ukimwi ilikutana Amsterdam, 23 hadi 27 Julai, na sauti ya Kigali ikafika huko. Mji huohuo, mwaka 1992, wanawake wenye VVU kutoka nchi 27 walikuwa wameunda mtandao wao wa kimataifa, ICW, na kuandika madai kumi na mawili. Mojawapo lilikuwa haki ya kuamua wenyewe kuhusu uzazi, kuzaa na kutozaa. Lingine, utafiti unaohusu miili ya wanawake wenyewe. Miaka 26 imepita na bado ni madai yaleyale, ukumbi tu ndio mwingine.

WHO ilitoa mwongozo wa muda mwezi huo. Dolutegraviri ikapendekezwa, ikiwa na tahadhari kwa wanawake wanaoweza kupata mimba, lakini sasa maandishi yalisema mwanamke akishaelezwa anaweza kuichagua. Haikuwa kila walichokitaka. Utekelezaji nao ulisuasua nchi kwa nchi, na wapo wahudumu walioona ni salama zaidi kwao kutotaja dawa hiyo kabisa mbele ya mwanamke.

Namba ya chini inapokua

Sasa turudi ubaoni, maana ndiyo fani yangu. Namba 4 juu ya 426 ina tatizo ambalo macho hayalioni: namba ya chini ni ndogo mno kwa tukio adimu namna hii. Ukitaka kuwa mkweli husemi "hatari ni asilimia 0.94". Unasema hatari halisi yaweza kuwa popote kati ya asilimia 0.37 na 2.4. Angezaliwa mtoto mmoja tu zaidi, au pungufu, picha ingebadilika sana. Ni kama kuonja wali kwa punje tatu ukakuta moja ina mchanga.

Wakunga wakaendelea kuhesabu, na hospitali zikaongezwa hadi 18. Ilipofika Julai 2018 kiwango kilikuwa asilimia 0.67, kasoro zilezile nne, wanawake 596. Julai 2019: 5 kati ya 1,683, asilimia 0.30. Hapo WHO ikaipendekeza dolutegraviri kwa wote, wajawazito na wanaoweza kupata mimba wakiwemo. Mwaka 2020: 7 kati ya 3,591. Mwaka 2021: 9 kati ya 5,860. Mwaka 2022: 10 kati ya 9,460, asilimia 0.11, sawa na dawa nyingine za VVU.

Fanya hesabu moja ndogo ambayo mimi niliifanya nyuma ya daftari. Ondoa wale 426 wa kwanza. Kwa wanawake 9,034 waliofuata kasoro zilikuwa 6. Hiyo ni takribani 1 kati ya 1,500, wakati kundi la kwanza lilikuwa 1 kati ya 106. Kama utafiti ungeanza kusomwa mwezi mwingine, huenda tahadhari isingetolewa kabisa.

Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alisema, "Kumbe wale mama walikuwa sahihi!" Nikamjibu ndiyo, lakini sio kwa sababu hiyo. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa ni rahisi kuitoa hadithi hii funzo lisilo lake. Kigali hawakubahatisha namba. Hawakuwa na data ambayo WHO haikuwa nayo. Tuseme hatari ingebaki palepale, karibu mtoto 1 kati ya 100. Je, wangekuwa wamekosea?

Kuna watafiti waliolipigia hesabu swali hilo kwa Afrika Kusini, makala yao yakatoka 2019 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Walichukua hatari kama ilivyoonekana 2018, wakaiweka kwenye kielelezo cha miaka mitano. Wanawake wote wakipewa dolutegraviri badala ya efavirenzi, vifo takribani 13,700 vya wanawake vinaepukwa, na maambukizi takribani 57,700 kwa njia ya ngono. Kwa upande mwingine vifo vya watoto vinaongezeka, takribani 4,400. Namba zote ni za kutisha. Hakuna mlango usio na msiba nyuma yake, na takwimu haziwezi kukuambia upite upi.

Darasani kwetu tuliuchagua mlango katika robo saa, kwa niaba ya watu wengine, na tulichagua ule ambao wafu wake hawaonekani. Mtoto mwenye mgongo wazi ana picha na jina kwenye faili. Mwanamke anayekufa kwa sababu virusi vyake vilikuwa sugu kwa efavirenzi anaandikwa kifua kikuu, au homa ya uti wa mgongo, na hakuna waraka utakaosema alikufa kwa tahadhari. Wale 39 walikuwa wanawafahamu wafu wa aina hiyo, pengine kwa majina. Na walikuwa wanafahamu pia kitu kingine ambacho sisi hatukukigusa: wanawake wanaoogopa kuzaa mtoto mwenye kasoro kuliko watu wote duniani ni mama zao. Hakukuwa na haja ya wizara kuogopa kwa niaba yao. Kulikuwa na haja ya kuwapa namba.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wasio na VVU. Waliochomwa sindano ya kinga ya lenakapaviri mara mbili kwa mwaka walikuwa 2,134, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Habari hiyo ilitangazwa sana. Iliyotangazwa kidogo ni kwamba wanawake waliopata mimba katikati ya jaribio hawakufukuzwa. Walielezwa upya, wakaulizwa upya kama wanataka kuendelea, na anayekubali akabaki. Mimba zilizopatikana ndani ya jaribio lile zilizidi 500.